Jina la Badra Kwenye Kanda Yangu

Lori la Lahsen lilisimama katikati ya mtaa wetu mchana kweupe, milango yote miwili wazi, redio imefunguliwa mpaka mwisho.

Sauti iliyokuwa ikiimba ndani ya lori ilikuwa yangu.

Nilikuwa darini naanika nguo. Niliganda na shuka la maji mkononi.

Lahsen akashuka. Akazunguka upande wa pili, akamshika mkewe Badra mkono, akamteremsha. Kisha akamtupia furushi la nguo miguuni.

Wahiba, binti yao wa miaka mitatu, hakuwemo.

"Majirani, sikilizeni," Lahsen alisema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. "Msije mkasema nimemwonea mtoto wa watu. Sikilizeni wenyewe."

Akarudisha kanda nyuma, akabonyeza tena.

Na sauti yangu ikatoka, tamu, ina kicheko ndani yake:

"Salamu za Badra mke wa Lahsen wa lori... zimfikie Miludi aliyevuka bahari bila kuaga... anasema hana kinyongo, ila kusahau, bado..."

Hata muuza dagaa aliacha kunadi.

Badra akainua uso, akatafuta madirisha yote, mwisho akaniona mimi kule juu.

Jamani mnaonisoma... huyo Badra alikuwa shoga yangu. Tumekulia ua mmoja, tumekula sinia moja, tumetobolewa masikio siku moja. Na mdomo uliomtaja ni huu huu.

Tulieni niwaeleze. Hii haina sehemu ya pili, yote naitapika leo.

Ilikuwa mwaka 1988, hapa hapa Wahran, mji wetu wa bandari, mtaa wa Medioni. Mimi naitwa Huwaria. Leo nina miaka sitini na moja na magoti mabovu, ila wakati ule nilikuwa na ishirini na nne, na sauti ambayo ikianza, sufuria zinaachwa jikoni.

Nilikuwa mwimbaji kwenye kikundi cha Hajja Setti. Wanawake watupu, tunawaimbia wanawake watupu. Harusi, hina, tohara za watoto. Mwanaume haingii, hata bwana harusi mwenyewe hubisha hodi na kusubiri nje kama mdai.

Sasa kwenye sherehe zetu kuna kitu kinaitwa salamu.

Mwanamke anainuka, anacheza mpaka mbele yako, anainama, anakunong'oneza sikioni. Wewe unaichukua salamu yake na kuitia ndani ya wimbo pale pale, bila kukata ngoma. Na lazima umtaje kwa ukamilifu, fulani mke wa fulani, maana akina Fatiha wamejaa kila chumba na kila mmoja anataka ijulikane kuwa hii ni yake.

Wengine wanamsalimu mama mkwe kwa kumchoma. Wengine wanamsalimu marehemu. Na wengine, wengi kuliko mnavyodhani, wanamsalimu mtu waliyempenda kabla ya kuozwa. Wanalia kidogo, wanacheka, wanarudi kukaa, na kesho yake wanapika kaskasi ya mume kama kawaida.

Hajja Setti alitufunza tangu siku ya kwanza.

"Mwimbaji wa wanawake ni kisima," alisema. "Kinachotupwa humo hakielei."

Badra alikuwa na salamu moja tu. Miludi alikuwa kijana wa jirani, alimposa, baba yake Badra akakataa, kijana akapanda meli kwenda Marseille bila hata kuaga. Baada ya hapo Badra akaolewa na Lahsen, dereva wa malori ya kusini. Alimtunza mume, akamzalia, akamvumilia na mama yake.

Sikuwahi kumwona akimkosea Lahsen, si kwa mguu wala kwa jicho. Lakini kila harusi, ikifika wakati wake, anakuja na kiuno chake kile, anainama kwenye sikio langu: "Huwaria, ile yangu."

Na mimi naitoa. Ukumbi unapiga vigelegele. Inaishia hapo.

Basi, dada wa mtu aliyeitwa Si Benauda (huku kwetu "Si" ni Bwana) akanisikia kwenye hina moja. Si Benauda ndiye aliyekuwa na duka kubwa la kanda kule mjini, na nyuma ya duka alikuwa na studio. Studio ya kweli, siyo ile ya kuunganisha redio mbili chumbani.

Akanitumia ujumbe niende Jumanne asubuhi.

Dah, sikulala. Nilivaa nguo yangu ya harusi za watu, bangili kumi na mbili, wanja mpaka nyusi. Nilidhani naenda kwenye sherehe!

Nikakuta chumba kisicho na dirisha. Mlango mnene kama godoro. Mazulia yametundikwa ukutani badala ya kutandikwa chini. Upande wa pili wa kioo amekaa fundi mitambo, Kuwider, mtu mwembamba asiyesema.

"Vua bangili," Kuwider alisema. "Zinaingia kwenye maiki."

Nikavua. Mikono ikawa myepesi ajabu, haijui pa kwenda.

"Dufu langu niliweke wapi?"

"Hulihitaji. Ngoma ipo."

"Wapiga ngoma wako wapi?"

"Walipiga jana."

"Walimpigia nani?"

"Wewe."

"Jana mimi sikuwepo."

Si Benauda akacheka mpaka akafuta macho. Mimi sikuona cha kuchekesha. Miaka yote ngoma hunifuata mimi. Nikichelewa, inanisubiri. Hapa niliambiwa nifuate ngoma iliyokwisha kupita tangu jana.

Wakanivisha hedifoni. Ndipo nikasikia pumzi yangu mwenyewe, mate yangu, na sauti yangu ikinirudia utosini kama ya mtu mwingine anayeniigiza. Nikaimba.

"Tena," Kuwider alisema.

Nikaimba.

"Tena."

Mara tatu, mara saba, mara kumi na moja. Kila nikifumbua macho naona kioo, na ndani ya kioo wanaume wawili wanavuta sigara. Mimi sijawahi kumwimbia mwanaume maishani mwangu.

Si Benauda akafungua mlango. Nje, kwenye benchi la korido, nikamwona msichana mwingine amekaa na mama yake. Mdomo umepakwa rangi nyekundu, anasubiri zamu.

"Binti yangu," Si Benauda alisema taratibu, "unaimba kama mtu anayesoma bili ya umeme."

"Nitapata, Si Benauda. Nipe nafasi."

"Mara moja tu, halafu namwita yule. Sahau kioo, sahau mimi. Uko harusini. Wanawake wamekaa, hina imelowekwa. Fumba macho."

"Nizimieni taa. Na mnirudishie dufu langu."

Wakazima taa. Wakanipa dufu.

Nikafumba macho, na wallahi nikawaona wote. Hajja Setti na jino lake la dhahabu. Shangazi wa bibi harusi anayetaka kucheza lakini anaona haya. Sauti ikafunguka. Nikaimba mpaka nikahisi jasho linashuka mgongoni, na katikati ya wimbo, pale ambapo salamu huingia, nikamwona Badra anainuka, anakuja, anainama.

"Huwaria, ile yangu."

Nami nikaitoa.

Wimbo ulipokwisha, taa zikawaka. Kuwider alikuwa amesimama, sigara imemwunguza kidole.

"Hiyo," alisema.

Ndipo nikashtuka.

"Hapana, hiyo ifutwe," nikasema. "Nimetaja mtu."

"Mtu gani?"

"Mke wa mtu, Si Benauda. Nakuomba. Hiyo haifai kutoka humu ndani."

Akanitazama kidogo. "Haya, imba tena bila jina."

Nikaimba tena, safi, bila jina lolote. Akaniambia sawa. Nikavaa bangili zangu, nikarudi Medioni.

Wiki tatu baadaye kanda ikatoka.

Juu ya kasha waliweka picha ya mwanamke mwenye nywele za njano na miwani ya jua, sijui walimkata kwenye gazeti gani. Ndivyo ilivyokuwa desturi, ili wazazi wetu wasiaibike. Jina waliandika Sabrin. Sura si yangu, jina si langu, hata mtaa walioutaja si wangu.

Kwenye kanda nzima, jina la kweli lilikuwa moja tu, la Badra.

Mimi niliisikia kwanza kwenye kibanda cha karantika, ile keki ya unga wa dengu inayotiwa ndani ya mkate. Nilikuwa nimeshika mkate wangu wa moto, wimbo ukaanza, vijana wakaanza kutikisa mabega. Nikaona raha jamani, sitawaficha. Kisha ikafika ile sehemu. Nikauweka mkate chini, nikaondoka.

Nilipaswa kukimbia kwa Badra saa ile ile. Sikukimbia. Nilijipa moyo kwamba itapita, kwamba watu hawasikilizi maneno, wanasikiliza ngoma.

Lahsen aliisikilizia njiani, kwenye mkahawa wa madereva barabara ya Beshar. Madereva kumi na wanne wakinywa chai. Mmoja akauliza kwa utani, "Lahsen wa lori? Si ndiye wewe?" Akageuza lori palepale, na mzigo wake juu.

Njiani alipitia nyumbani, akamchukua mtoto, akampeleka mji wa Ghilizan, kwa mama yake Lahsen. Kisha akarudi kumchukua mkewe, akamleta mtaani kwetu alikokulia. Mengine mmeyasoma pale mwanzo.

Siku ile, lori lilipoondoka, Badra alipanda ngazi mpaka kwangu darini. Furushi alilikumbatia kifuani.

"Huwaria. Niambie ilikuwaje."

"Wamenichezea, Badra. Niliwaambia wafute. Wallahi niliwaambia."

Akaweka furushi chini, akanikumbatia. Yeye ndiye aliyenikumbatia mimi.

"Najua," alisema. "Wewe huwezi."

Alilala kwetu siku tisa. Kila jirani aliyekuja kunisema, Badra alimkata maneno. Hajja Setti alipokuja kuninyang'anya dufu la kikundi, Badra alisimama mlangoni.

"Hajja, usimguse. Yeye kadhulumiwa kama mimi."

Hajja Setti alimtazama Badra, akanitazama mimi kwa muda mrefu zaidi. Akaondoka na dufu.

Siku ya kumi Badra akaamka kabla ya wote, akajitanda haiki yake nyeupe, lile shuka la kujifunika mwili mzima.

"Twende studio."

"Kufanya nini? Wale watu hawana maana."

"Yule mwenye studio aje aseme mbele ya kadhi kwamba jina liliwekwa bila ruhusa. Aseme ni mambo ya harusi, michezo ya wanawake. Akisema mwanaume mwenzake, Lahsen atasikia. Nitampata mtoto wangu."

"Badra, subiri kwanza..."

"Mbona unaogopa, na aliyenyang'anywa mtoto ni mimi?"

Nikavaa viatu.

Si Benauda alinipokea kama bibi harusi. Akatoka nyuma ya meza mikono imetandazwa.

"Karibu, Sabrin, karibu! Mji mzima unakuimba."

"Mimi ndiye Badra," Badra alisema.

Mikono ya Si Benauda ikashuka yenyewe. Akavua kofia. Niseme haki yake, yule mzee aliona haya.

"Dada yangu, nisamehe. Kama ningejua mumeo ataisikia na kukutambua, nisingeitoa. Niliambiwa akina Badra wako wengi."

"Nani alikuambia?"

Si Benauda alinionyesha kwa kidevu.

Ndugu zangu, hapo juu nimewadanganya. Nilisema nilivaa bangili nikarudi nyumbani. Sikurudi nyumbani moja kwa moja.

Nilipomaliza kuimba ile safi, Si Benauda alinikalisha kwenye kiti cha Kuwider, akanisikilizisha zote mbili. Ya kwanza yenye jina. Ya pili bila jina.

"Hii safi siitoi," aliniambia. "Itakaa rafuni mpaka iote ukungu. Nikiikata salamu kwenye ile nyingine, linabaki pengo pale pale wimbo unapoamka. Ile yenye jina naitoa mwezi huu. Usipotaka, hakuna ubaya, utaenda nyumbani salama na mimi namwita yule msichana. Amua wewe."

Hakunilazimisha. Hata chai aliniletea.

Nilisikia mama wa yule msichana akikohoa koridoni. Nikafikiria ua wetu, chumba chenye unyevu, harusi za watu mpaka nizeeke. Na nikasikia tena sauti yangu ikitoka kwenye spika kubwa zile, na jamani, ilikuwa nzuri. Sijawahi kuwa mzuri vile, kabla wala baada.

"Huyu Badra atajulikana?" Si Benauda aliniuliza.

Nikamwambia, "Akina Badra wako wengi."

Mke wa Lahsen wa lori alikuwa mmoja tu, na nilimjua.

"Toa hiyo," nikasema.

Sasa tulikuwa tumesimama pale dukani, na Badra ananitazama.

"Kwa hiyo zilikuwa mbili," alisema.

"Ndiyo."

"Na moja haikuwa na jina langu."

"Haikuwa nalo."

Akamgeukia Si Benauda. "Ipo?"

"Ipo."

"Niwekee niisikie."

Kuwider akaitafuta, akaiweka. Badra aliisikiliza amesimama, haiki ameing'ata kwa meno kama wafanyavyo mama zetu mikono ikiwa na kazi, ila mikono yake haikuwa na kazi yoyote. Aliisikiliza mpaka mwisho.

"Mbona na hii ni nzuri," alisema.

Akatoka. Sikumfuata.

Si Benauda alikwenda kwa kadhi kweli, akasema aliyoyasema. Lahsen akajibu kwamba madereva kumi na wanne hawatamsikia kadhi. Talaka ikapita. Badra alihamia kwa kaka yake Mustaghanim, akashona nguo za maharusi, na Ghilizan alikwenda mara nyingi, mlango haukufunguliwa. Alifariki mwaka 2009 kwa maradhi ya figo. Nilikwenda msibani, nikakaa karibu na viatu, na hakuna aliyenipa hata maji.

Mimi niliimba miaka kumi na miwili. Kanda sita. Harusi nilialikwa sana, wanawake walicheza, walipiga vigelegele, waliniomba ule wimbo na jina wakalitamka wenyewe kwa pamoja, ukumbi mzima. Lakini tangu mwaka ule hakuna mwanamke hata mmoja aliyeinama kuninong'oneza salamu yake. Walinizunguka wakicheza, wakaishia mbali kidogo.

Nilimlaumu Si Benauda kwa watu wote, mpaka alipokufa. Waliniamini. Kwa nini wasiniamini, wakati Badra hakumwambia mtu? Mpaka anakufa hakusema. Hilo ndilo linalonikaba zaidi.

Sasa kwa nini naandika leo.

Wiki iliyopita mtu mmoja aliupandisha ule wimbo mtandaoni, "nyimbo za zamani za Wahran", na picha ile ile ya miwani. Watu maelfu wamesikiliza. Nikawa nasoma maoni, mizee wenzangu wanakumbuka ujana wao, nami najisikia mtu. Halafu nikakutana na hili:

"Badra anayetajwa humu ni mama yangu. Bibi yangu alinilea akiniambia mama alikuwa na mwanaume, na kwamba mji mzima ulijua mpaka akaimbwa. Kuna yeyote anayejua ukweli?"

Chini yake watu wameweka vicheko. Mmoja kamwandikia, "Muulize Miludi."

Wahiba, binti yangu. Mimi ndiye Sabrin.

Mama yako hakuwa na mwanaume. Huyo Miludi hakumwona tena tangu siku aliyopanda meli, wala hakupata barua yake hata moja. Alikuwa na jina tu, akilitoa harusini, kwenye sikio la mtu aliyemwamini, kisha anarudi nyumbani kukubeba wewe. Msibani niliwasikia wakisema alikuja Ghilizan mpaka kiatu kikaisha kisigino. Nguo nyekundu ya kitoto aliyokuja nayo kila mara ilikuwa yako, alikuwa anaiongeza ukubwa kila mwaka.

Na nyinyi wengine mnaosoma, najua mtasema ujana, mtasema shida. Sikuwa na njaa siku ile. Nilitaka kusikika. Mtu akikupa siri yake, inaweza kuwa ndiyo kitu kitamu kuliko vyote utakavyowahi kuwa navyo mdomoni. Imeze hivyo hivyo. Nitukaneni huko chini, sitafuta hata neno moja.

Umeuliza, Wahiba, kama kuna anayejua ukweli. Nimekaa nao miaka thelathini na saba. Kwa kadhi siku ile waliuliza mara mbili kama kuna mwingine mwenye la kusema, na mimi nilikuwa nimekaa mlangoni.